Msimpime Aidoru wa Tokyo kwa Mizani ya Seoul

Mwaka 2018 kituo cha televisheni cha Mnet cha Korea Kusini kilirusha shindano la Produce 48. Humo waliingizwa wasichana 96: Wakorea waliokuwa bado wanafundwa na kampuni zao, pamoja na Wajapani kutoka kundi la AKB48 la Tokyo na makundi yake dada. Wajapani wale hawakuwa wageni jukwaani. Walikuwamo waliokwisha kuimba miaka mingi, tena kwenye viwanja vilivyofurika. Wakapangwa, wakaambiwa waimbe na kucheza, na walimu wa Kikorea wakawagawia alama kuanzia A hadi F. Wengi waliangukia F. Kamera ikawasogelea wakifuta machozi, na watazamaji wa nchi nyingi wakatoa hukumu papo hapo: Wajapani hawa hawajui kazi.

Hukumu hiyo imefika mpaka kwetu. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayezijua hatua zote za BTS na BLACKPINK atakwambia bila kusita kwamba Japani ilianzisha jambo, Korea ikalikamilisha, na kilichobaki Tokyo ni mabinti wasiojua kuimba wanaowauzia wanaume wapweke nafasi ya kuwashika mkono. Nimeisikia kauli hii kwa watu ninaowaheshimu, na kila nikiisikia huniuma. Wanaoitoa wameona wimbo wa dakika nne kwenye simu. Hawakuona mambo yanayouzunguka wimbo ule, na huko Japani hayo yanayouzunguka ndiyo kiini chenyewe.

Aidoru wa Kijapani, yaani mwimbaji kijana wa pop, ni mtu anayelelewa hadharani. Anaingia akiwa hajaiva, na watu wanajua hajaiva. Ndiyo maana wanakuja. Mwaka 1971 kituo cha Nippon TV kilianzisha shindano la Star Tanjo!, ambamo watoto wa shule waliimba mbele ya wakuu wa kampuni za muziki, na kampuni iliyomtaka mtoto iliinua kibao chake juu. Humo walitoka Mori Masako, Sakurada Junko na Yamaguchi Momoe, wote wakiwa na miaka 13 au 14 walipoanza kurekodi. Familia zikawaona wakikua kupitia televisheni za sebuleni. Momoe wa 1973, mtoto mwenye haya, na Momoe wa 1980, mwanamke mwenye sauti nzito na macho makavu, ni kama watu wawili, na hakuna hatua baina ya hao wawili ambayo taifa halikuishuhudia.

Pamoja na kulelewa hadharani kuna kuaga hadharani. Mwaka 1977, katikati ya shoo ya wazi kwenye bustani ya Hibiya, mabinti watatu wa kundi la Candies walitamka ghafla kwamba wanataka kuacha na kurudi kuwa wasichana wa kawaida. Hawakufukuzwa wala hawakufichwa. Walipewa miezi ya kuaga, na tarehe 4 Aprili 1978 watu wapatao 55,000 walikwenda uwanja wa Korakuen kuwasindikiza. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Oktoba 1980, Momoe aliimba wimbo wa mwisho wa tamasha lake la kuaga katika ukumbi wa Budokan, akainama, akalaza kipaza sauti cheupe sakafuni mwa jukwaa na kuondoka. Alikuwa na miaka 21. Aliolewa mwezi uliofuata na hakurudi tena kwenye kazi hiyo. Tangu hapo kuaga kumekuwa nusu ya kazi ya aidoru, na anayemtazama akiimba bila kujua kwamba siku moja ataagwa, na kwamba washabiki wake wanaijua siku hiyo inakuja, hajaona bado anachokitazama.

Akimoto Yasushi, mtunzi wa mashairi ya nyimbo, aliujua moyo huo vizuri. Alilitungia nyimbo kundi la Onyanko Club la 1985 hadi 1987, ambalo wanachama wake walitoka mmoja mmoja kwa kile walichokiita kuhitimu. Morning Musume nao, kundi lililoundwa 1997 na wasichana walioshindwa kwenye usaili wa televisheni, waliambiwa wauze kwa mikono yao CD 50,000 kwa siku tano ndipo waruhusiwe kuanza kazi rasmi. Waliziuza kwa siku nne, mji kwa mji, na hadi leo kundi hilo lipo, wakubwa wakihitimu na rika jipya likiingia. Tarehe 8 Desemba 2005, kwenye ghorofa ya nane ya duka la Don Quijote katika mtaa wa Akihabara, Tokyo, Akimoto akafungua ukumbi wa watu 250 kwa ajili ya kundi jipya, AKB48. Siku ya kwanza watazamaji waliolipa kiingilio walikuwa saba.

Ukumbi huo ndio ningependa kila mwenye kudharau aingie, jioni moja ya kabla ya 2020. Mbele ya watazamaji zimesimama nguzo mbili nene za jengo, na popote utakapokaa kuna msichana atakayekupotea nyuma ya nguzo. Kuingia hakutegemei nani aliwahi. Wenye tiketi hupangwa kumi kumi, mipira ya bingo ikazungushwa, na kumi walioitwa kwanza ndio wanaoingia kwanza kujichagulia viti. Mshabiki wa miaka kumi anaweza kuwa wa mwisho akasimama nyuma kabisa, na mtoto wa shule aliyekuja leo kwa mara ya kwanza akakaa mstari wa mbele. Shoo inachukua kama saa mbili. Binti wa pembeni kulia, ambaye televisheni haijawahi kumwonyesha, anakosea kugeuka palepale alipokosea wiki iliyopita. Wiki ijayo atapapata. Watu 250 watalijua hilo na kulishangilia, na duniani hakuna mwingine atakayelijua. Wakati wa kutoka wasichana hujipanga mlangoni, jasho halijakauka, kila mtazamaji akagongana nao viganja na kwenda zake.

Nikitafakari alama ya F, namfikiria binti huyu. Walimu wa Seoul walimpima kwa kile alichokuwa nacho siku ile. Watu wa Akihabara humpima kwa umbali aliosafiri tangu walipomwona mara ya kwanza, na mizani hiyo haiwezi kubebwa kwenye kipindi cha televisheni cha saa mbili.

Kupeana mikono ndiko kunakotukanwa zaidi, kwa hiyo nitakueleza polepole jinsi kulivyokuwa kabla ya 2020. Kwenye kumbi za maonyesho kama Makuhari Messe na Pacifico Yokohama hutengenezwa vichochoro vingi, kila kichochoro na jina la msichana juu yake. Uliponunua CD, kwa yen elfu moja na ushei, ulipata tiketi yenye jina lake na saa yake. Unapanga foleni. Unaweka begi kwenye kikapu, unamwonyesha mlinzi viganja vyako pande zote mbili, unasogea. Nyuma ya meza nyembamba amesimama yeye. Tiketi moja ni sekunde chache tu, hazizidi kumi hivi. Pembeni yako kijana wa kazi anahesabu, na muda ukiisha anakugusa bega na kukusogeza. Washabiki humwita hagashi, yaani mbanduaji.

Kwa sekunde hizo mtu husema nini? Husema amefaulu mtihani. Husema baba yake ametoka hospitali. Husema wimbo wa tatu wa juzi uliimbwa vizuri kuliko siku zote. Foleni zina wasichana wa sekondari, zina kina mama walioshika watoto wao mkono, zina wazee waliostaafu, na ndiyo, zina wanaume wapweke, ambao sioni kwa nini upweke wao uwe jambo la kuchekwa. Anayerudi mara kwa mara anatamani kitu kimoja, nacho ni ninchi: kutambuliwa, msichana kumwona na kulitaja jina lake kabla yeye hajalisema. Wasichana nao hutofautiana. Wapo wanaosifiwa kwa ukarimu wa kimungu mezani, na wapo wanaotoa kile washabiki wanachokiita mapokezi ya chumvi, jibu fupi na uso mkavu. Shimazaki Haruka wa AKB48 alipata jina kwa chumvi yake, na foleni yake haikupungua.

Mswahili, kwa kweli, hana haki ya kushangazwa na haya. Kwenye taarab mtu akiguswa na ubeti huinuka na noti mkononi, akaenda kwa mwendo wa madaha hadi kwa mwimbaji, akamtunza, na ukumbi mzima ukajua ametunza wakati gani na kwa neno gani. Hakuna anayesema amemnunua mwimbaji. Fedha pale ni njia ya kumfikia, na ya kuonekana umemfikia. Tiketi ya kushikana mkono ndiyo hiyohiyo. Najua wapo walionunua CD kwa mamia na kuzitupa bila kuzisikiliza, na ninaichukia tabia ile. Lakini hata mtunzaji wa taarab yupo aliyemaliza mshahara wa mwezi kwa usiku mmoja, na hatujaacha taarab kwa ajili yake.

Ukaribu huu una hatari, na ilimwaga damu. Mei 2014, kwenye shughuli ya kupeana mikono mkoani Iwate, mwanamume mwenye msumeno aliwashambulia Kawaei Rina, Iriyama Anna na mfanyakazi mmoja. Baada ya siku ile ndipo ukaguzi wa mwili na vikapu vya mabegi vilipokuwa sheria kila mahali. Mila haikuachwa. Iliwekewa ulinzi, na wasichana wengi walirudi kwenye meza zao.

Chini ya makundi makubwa wapo wanaoitwa aidoru wa chini ya ardhi, kwa kuwa kumbi zao nyingi ziko kwenye vyumba vya chini vya majengo. Hawa huishi kwa cheki, picha ya papo hapo ambayo mshabiki anapigwa pamoja na msichana kisha msichana akaiandikia jina, tarehe na neno moja wakati picha ikijitokeza polepole mbele ya macho yao. Nakwambia, kuna mapenzi ya sanaa katika vyumba vile vyenye watazamaji thelathini ambayo sijayakuta kwenye viwanja.

Nao washabiki wana kazi yao. Wimbo ukianza, kabla sauti ya kwanza haijaingia, ukumbi unapasuka kwa kile kinachoitwa mix: mfululizo wa maneno ya kupiga kelele, taiga, faiya, saiba na kuendelea, yanayopandana na ala. Kuna mahali pa kuita jina la anayeimba, kuna mahali pa kunyamaza, na anayeita mahali pasipo pake hutazamwa vibaya. Kila msichana ana rangi zake za vijiti vya mwanga. Kila mshabiki ana oshi wake, yule anayemsukuma mbele kwa nguvu zake, na kubadili oshi ni jambo zito ambalo watu hulitangaza kwa aibu. Hakuna aliyeziandika sheria hizi. Mgeni huzipata kwa kusimama karibu na mwenyeji na kumwiga.

Nimefika kwenye mahafali, na hapa sitajizuia.

Msichana akitangaza kuhitimu, washabiki wake huunda kamati. Hukusanya fedha za mashada makubwa ya maua yatakayosimamishwa mlangoni. Hununua vijiti vya mwanga na kuvigawa bure kwa kila anayeingia, hata kwa washabiki wa wengine, pamoja na kipande cha karatasi kinachosema ni kwenye wimbo gani vivunjwe na viwashwe. Usiku wenyewe unakwenda kama shoo nyingine yoyote hadi nusu ya pili. Kisha anatoka amevaa gauni refu. Mwenzake wa rika moja anamsomea barua, na mara nyingi haimalizi. Wimbo uliopangwa unapoanza, ukumbi mzima unageuka rangi moja, na yule ambaye miaka minane iliyopita alikuwa akikosea kugeuka anaona, kwa mara moja, watu wote waliokuwa wakimwangalia. Kwenye baadhi ya kumbi za AKB48 na makundi yake dada, picha zote za wanachama hutundikwa ukutani, na baada ya mahafali mhitimu huibandua yake kwa mkono wake mwenyewe. Maeda Atsuko, uso wa AKB48 kwa miaka yote ya mwanzo, alipohitimu Agosti 2012 kundi lilikuwa limetoka kujaza Tokyo Dome siku tatu mfululizo. Hata hivyo mahafali yenyewe yalifanyika tarehe 27 Akihabara, kwenye ukumbi wa watu 250, kati ya zile nguzo mbili.

Niwageukie Wakorea, ambao siwadharau. Mila yao ilikua kwenye udongo mwingine. Japani ni soko la pili la muziki kwa ukubwa duniani baada ya Marekani, na msanii angeweza kuishi na kuzeeka humo bila kuimba nje hata mara moja. Korea haikuwa na nafasi hiyo. Lee Soo-man wa SM Entertainment alipowatoa H.O.T. mwaka 1996, na hasa alipomwandaa BoA tangu akiwa na miaka 11, alikuwa akitengeneza msanii wa kuvuka mpaka. BoA alifundishwa Kijapani, na mwaka 2002 albamu yake ikashika namba moja Japani. Haya yalitokea wakati Korea yenyewe, kwa majeraha ya ukoloni wa 1910 hadi 1945, ilikuwa ndiyo kwanza inafungulia utamaduni wa pop wa Kijapani mlango tangu 1998, na CD za nyimbo za Kijapani hazikuruhusiwa madukani mwake hadi 2004. Mtu anayevuka mpaka hawezi kwenda hajaiva. Lazima afundwe ndani, miaka mitatu, mitano, wakati mwingine zaidi, watu wasimwone. Anapotolewa sauti imenyooka, miguu imenyooka na lugha mbili tatu ziko mdomoni. Ni kazi ya kustahiwa. Mlezi wake ni kampuni, na mshabiki anakabidhiwa mtu aliyekwisha kukamilika.

Kwa kuwa hakumlea, mshabiki wa Kikorea anamtumikia kwa namna nyingine: anampigania. Washabiki wa H.O.T. walikuwa na puto nyeupe, wa Sechs Kies za njano, na rangi zilikuwa mipaka. Leo kila kundi lina kijiti chake cha mwanga chenye umbo lake. Kuna kupiga kura za vipindi vya televisheni, kuna kukesha mkicheza wimbo mtandaoni ili upande chati, kuna kadi za picha. Hayo yote nayapita, ni hesabu tu. Ninayoyastahi ni mengine. Washabiki hutuma magunia ya mchele badala ya maua, na mchele ule huenda kwa wenye shida. Na Desemba 2024, baada ya Rais Yoon Suk-yeol kutangaza sheria ya kijeshi, wasichana walitoka kwenye baridi ya Yeouido, mbele ya Bunge, wakiwa na vijiti vya makundi yao yote, mahasimu bega kwa bega, wakiimba wimbo wa Girls' Generation wa 2007. Bunge likapiga kura ya kumwondoa rais tarehe 14. Siwezi kuona mshabiki wa Kijapani akifanya hivyo, na hapo nakiri Korea ina kitu ambacho Japani haina.

Mahali ambapo siwezi kutetea upande wowote ni marufuku ya mapenzi wanayowekewa aidoru. Januari 2013 Minegishi Minami wa AKB48 alionekana akitoka nyumbani kwa mwanamume, akanyoa kichwa chake na kuomba radhi mbele ya kamera akilia. Picha ile imekuwa, kwa watu wa nje, picha ya Japani yote. Hawasemi kwamba washabiki wengi wa Kijapani walishtuka na kuumia nayo, kwamba aliendelea na kundi mpaka alipohitimu kwa heshima 2021, wala kwamba Januari 2016 mahakama ya Tokyo ilikataa kumtoza fidia aidoru aliyependa mtu, ingawa miezi michache kabla hakimu mwingine alikuwa amemtoza msichana yen 650,000. Hawasemi habari za Sashihara Rino, aliyefichuliwa na jarida mwaka 2012, akahamishiwa HKT48 huko Fukuoka kama adhabu, na Juni 2013 washabiki haohao wakampigia kura akawa namba moja kwenye uchaguzi mkuu wa kundi. Alishinda tena 2015, 2016 na 2017. Na wanaoilaani Japani wakumbuke Machi 2024, Karina wa kundi la Kikorea la aespa alipoandika kwa mkono barua ya kuomba radhi kwa kuwa na mpenzi, baada ya washabiki kukodi lori la matangazo kumshutumu nje ya kampuni yake. Ni ugonjwa mmoja katika nyumba mbili.

Kuhusu aidoru wa kiume wa Japani nitasema machache. Kampuni ya Johnny's, iliyoanzishwa 1962, ilitoa SMAP na Arashi waliopendwa na mamilioni, na mwaka 2023 kampuni yenyewe ilikiri kwamba mwanzilishi wake, aliyefariki 2019, aliwadhulumu kingono watoto aliokuwa akiwafundisha, kwa miongo mingi. Magazeti na televisheni vilijua na kunyamaza. Hiyo haikuwa mila. Ilikuwa jinai, na kila anayetaka kuitumia kuhukumu ukumbi wa Akihabara anachanganya mambo.

Kinachonisukuma kuandika leo ni kwamba niliyoyaeleza yanatoweka, na yanatoweka huku watu wakisema vizuri, yamepitwa na wakati. Uchaguzi mkuu wa AKB48, ambao ulirushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa zima, ambapo Maeda mwaka 2011 aliwasihi waliomchukia yeye wasilichukie kundi, ulifanyika mara ya mwisho 2018. STU48, kundi la bahari ya ndani ya Setouchi, lilikuwa na ukumbi ndani ya meli iliyokuwa ikienda bandari kwa bandari. Meli ilianza 2019 na kufikia Mei 2021 imekwisha. Februari 2020 serikali iliomba mikusanyiko isitishwe, na kupeana mikono kukasimama nchi nzima. Mahali pake pakaja mazungumzo ya simu ya video: sekunde zilezile, uso kwenye kioo, hakuna kiganja. Kwa karibu miaka mitatu kupaza sauti kumbini kulikatazwa, na hadi ruhusa ilipotolewa mwanzoni mwa 2023 lilikuwa limekua kundi zima la washabiki wapya ambao hawakuwahi kusimama karibu na mwenyeji wakajifunza wapi pa kuita. Baadhi ya kumbi zimerudisha mikono. Nyingi zimegundua kwamba simu ni rahisi zaidi, haina walinzi wala kodi ya ukumbi.

Wakati huohuo Tokyo yenyewe inazaa makundi kwa njia ya Seoul. NiziU walichaguliwa na JYP ya Korea mwaka 2020. JO1 walitoka kwenye tawi la Kijapani la mfululizo uleule wa mashindano ya Mnet. XG, wote Wajapani, walifundwa miaka kadhaa na huimba kwa Kiingereza. Ni hodari, na siwanyimi sifa. Ila mwenye kuwapenda anakutana nao wakiwa tayari wameiva, na hana la kuwafanyia zaidi ya kuwahesabia.

Wanaosema mila ya Akihabara ni ya Wajapani peke yao na ndiyo maana inakufa, niwapeleke Jakarta. JKT48 ilianzishwa huko 2011, na ina ukumbi wake wa kudumu ndani ya jengo la maduka la fX Sudirman. Vijana wa Kiindonesia, ambao Seoul iko kwenye simu zao kama ilivyo kwenye simu za vijana wetu, hupanga foleni, huita mix kwa mdomo wao, hulia kwenye mahafali na kuunda kamati. Hakuna kampuni iliyowalazimisha. Waliona kwamba kumlea mtu hadi aondoke kunawafaa.

Tena umwangalie Miyawaki Sakura, ambaye wapenzi wa Seoul humtaja kama ushahidi wao. Alikuwa wa HKT48 ya Fukuoka alipokwenda Produce 48. Alifuzu, akawekwa IZ*ONE, kundi ambalo baadaye lilitiwa doa na ukweli kwamba kura za mfululizo ule wa mashindano zilichakachuliwa, na mtayarishaji akafungwa. IZ*ONE walifanya tamasha la mwisho mtandaoni Machi 2021, na mwezi Aprili mkataba ulipokwisha kundi likaisha nao. Sakura alikuwa na safari nyingine mbele yake, angerudi Korea na mwaka uliofuata kuanza upya na LE SSERAFIM. Hakuhitaji chochote tena kutoka kwa HKT48. Lakini kabla ya kuanza safari hiyo alirudi Japani, na Juni 2021 akasimama na wenzake wa Fukuoka kwenye shoo ya mahafali yake, mbele ya watu waliomjua tangu akiwa mtoto wa miaka 13. Hakuna kampuni ya Seoul ingemdai hilo. Anayetaka kunijibu juu ya alama za F, aitazame shoo ile kwanza mpaka mwisho, kisha tuzungumze.